Farasi wa Miguu Juu

Kavetsa alikuwa fundi wa shaba. Wengi walidhani kazi ile ni ya mumewe, hadi walipoingia ndani wakamkuta yeye ndiye aliyeshika koleo. Alinunua kufuli zilizokufa na mifereji iliyokatika kutoka kwa watu wa vyuma vikuukuu, akayeyusha, akamimina, na humo zikatokea bangili na vipuli ambavyo wanawake wa mjini walijipamba navyo bila kujua kwamba juzi tu vilikuwa vimefunga mlango wa choo cha mtu. Nyumbani kwake kulikuwa Kawangware, upande ule wa kituo cha matatu za 46, lakini riziki yake ilikuwa Kibera, Kambi Muru, katika chumba cha mabati alichopangishwa na Mama Batul.

Mama Batul binti Fadlalla alikuwa Mnubi, wa wale ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakaachwa hapa kulipokuwa msitu. Mpangaji na mwenye nyumba Kibera mara nyingi ni paka na panya, lakini hawa wawili walipatana. Mama Batul alikuwa na desturi ya kuteremka na sahani ya gurusa za moto, zile chapati laini za Kinubi, akaketi kwenye kigoda karibu na tanuri na kumtazama Kavetsa akifanya kazi, kimya, kama mtu anayetazama mvua.

Asubuhi moja alikuja bila sahani. Alikuwa amejifunga gurbaba yake ya maua, shuka la wanawake wa Kinubi, na mkononi ameshika leso iliyofundikwa.

"Mama Derrick, uko sawa?" alimsalimu Kavetsa kwa jina la mwanawe.

"Niko sawa, Mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alifungua leso juu ya meza ya kazi, na ndani yake mlikuwa na mkufu mwembamba wenye sarafu moja ya fedha, nzee, nene, isiyo mviringo kamili. Upande mmoja palikuwa na mtu juu ya farasi. Upande wa pili alisimama mtu mwenye fimbo ndefu. Pembeni pote pamezungukwa na maandishi yaliyolika hadi yakawa kama nyayo za kuku kwenye vumbi.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," Mama Batul alisema. "Baba alimletea kutoka vitani, Burma. Mjukuu wangu Iman anaolewa Jumamosi ijayo na lazima aivae. Lakini ona kitanzi, kimebaki uzi. Nitengenezee kitanzi tu, mwanangu. Kingine chote usiguse."

"Hiyo ni kazi ndogo, Mama."

Mama Batul alipoondoka, Kavetsa aliinua ule mkufu kwenye mwanga wa mlango, na hapo ndipo alipoona kitu kilichomchekesha. Farasi alikuwa ananing'inia kichwa chini. Fundi wa zamani, yeyote yule, alikuwa amebandika kitanzi upande wa kwato badala ya upande wa kichwa cha mpandaji, tena kwa donge kubwa la risasi ya kulehemu, kazi ya ovyo kama ya mtu anayekimbizwa. Maskini mpanda farasi wa watu, Kavetsa aliwaza, miaka yote hii amening'inizwa kama kuku wa kuuzwa.

Mkono wa fundi una kiburi chake. Kavetsa aliona akiacha vile atakuwa amerithi kosa la mwenzake. Angeking'oa kile kitanzi, asafishe risasi, aweke kipya upande wa juu, na siku ya harusi farasi asimame kwa miguu yake. Angempa Mama Batul zawadi ambayo hakuiomba. Alijiambia kwamba ameagizwa kitanzi, na kitanzi ni kitanzi, popote kilipo.

Akawasha moto wa gesi, mdogo, akaupitisha kwa mbali. Risasi huyeyuka mapema sana kuliko fedha. Ilitoa jasho, ikalegea, na kitanzi kikadondoka mezani. Kavetsa akafuta haraka kwa kitambaa kabla risasi haijaganda, akaacha sarafu ipoe, akakwangua mabaki kwa kijiti cha mwanzi asije akaikwaruza.

Chini ya risasi palikuwa na herufi.

Zile nyingine zilikuwa zimelika kwa kusuguana na shingo na nguo za wanawake, lakini hizi zilikuwa zimefichwa, na zilikuwa zimesimama wima, kali, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama. Tena zilisomeka! A, Z, O, Y. Kavetsa alizisoma kwa sauti, akazisoma tena. Alikuwa ameona maandishi mengi yaliyopigwa kwenye chuma, majina ya viwanda kwenye kufuli, namba kwenye mifereji. Haya hayakuwa ya mashine. Mtu alikuwa ameinama mahali fulani, akashika patasi ndogo kama sindano, akachonga kinyume, kwa sababu anayechonga muhuri wa chuma huchonga kila kitu kinyume, ndipo kije sawasawa kikigongwa.

Akamtazama farasi upya. Sasa hakuona kuku wa kuuzwa wala kichekesho. Aliona mguu wa mbele ulioinuka, kwato imejikunja, shingo imekaza, na mpandaji ameketi wima na mjeledi mkononi. Mnyama mzima alitosha katika nafasi ya ukucha wa kidole gumba, na bado alikuwa na uzito. Ungesikia mtu akikwambia anatembea ungeamini. Kavetsa alikuwa na miaka mingi katika kazi ile na hakuwa ametengeneza kitu chochote chenye uhai kama kile.

Alikuwa bado ameinama pale Mama Batul aliporudi, safari hii na Iman mwenyewe, mjukuu wake, msichana mrefu aliyekuwa anasomea uuguzi. Walikuwa wametoka kupima nguo.

"Sasa, auntie Kavetsa," Iman alisema. "Imeisha?"

Mama Batul hakusalimu. Macho yake yalikuwa kwenye kitanzi kilicholala peke yake mezani.

"Umekitoa?"

"Nimekitoa, Mama, nilitaka kukigeuza. Kilikuwa kimewekwa vibaya. Farasi alikuwa miguu juu, sasa nikaona nimsimamishe..."

"Nilikwambia usiguse kingine."

"Mama, nilidhani ni makosa ya fundi."

"Makosa!" Mama Batul alikaa kwenye kigoda kwa kishindo. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Njoo hapa. Chukua hiyo sarafu. Iweke kifuani pako, hapa kwa mkufu, na kitanzi kiwe pale kilipokuwa. Haya. Sasa iinue uitazame, kama mtu aliyevaa."

Kavetsa akafanya alivyoambiwa. Aliishika sarafu kifuani, upande wa kwato ukiwa juu, akainyanyua kwa ncha ya chini kuelekea macho yake. Farasi akasimama. Mpandaji alikuwa wima, mjeledi mkononi, anatembea.

Kavetsa aliirudisha sarafu mezani polepole.

"Baba yangu alimwambia fundi aweke pale," Mama Batul alisema. "Watu wote walimcheka mama. Mzee Fadlalla amekuletea farasi aliyekufa! Mama akasema waache wacheke, hakupewa ili wao waone. Alipewa aone yeye. Mimi nilikaa kwenye mapaja yake nikiwa mdogo, mgongo wangu kwa kifua chake, naishika hivi, na mimi nilimwona amesimama. Sisi wawili tu ndio tuliomwona amesimama. Na wewe ukataka kumpindua kwa ajili ya wageni wa harusi."

"Nisamehe, Mama."

Iman alichukua sarafu na kuisogeza kwenye mwanga.

"Nyanya, hebu cheki. Kuna jina hapa. A-Z-O-Y." Akacheka. "Azoy! Si hili ni jina la msanii wa mtaa?"

"Jina gani? Hapajawahi kuwa na jina."

"Lilikuwa chini ya risasi," Kavetsa alisema taratibu. "Nililikuta nilipotoa kitanzi."

Mama Batul aliweka miwani, akaisogeza sarafu karibu na macho. Midomo yake ilifuata zile herufi moja moja. Hasira haikumtoka yote, lakini ilisogea kando kukipisha kitu kingine. "Baba hakujua ni nani," alisema hatimaye. "Alimwita Mpanda Farasi tu."

Akawasimulia. Fadlalla alijeruhiwa paja vitani akapelekwa hospitali ya askari huko India. Kitanda cha pili alilala askari Mpunjabi, mkulima, aliyefungwa macho kwa bendeji. Hawakuwa na lugha moja. Fadlalla alimlisha yule mtu, akamshika mkono kumpeleka chooni, akampigia kelele muuguzi alipochelewa. Siku ya kuachana, bendeji zilipotolewa, yule Mpunjabi alimtazama uso kwa mara ya kwanza, akalia, akatoa sarafu aliyokuwa ameishonea kwenye nguo. Kwa ishara alionyesha kwamba aliipata akilima shambani kwao.

"Mpaka anakufa alikuwa anauliza huyu mpanda farasi ni nani," Mama Batul alisema. "Na jibu lilikuwa hapo kwenye kifua cha mke wake."

Iman alikuwa tayari amepiga picha. Alizituma kwenye kundi moja la watu wanaopenda sarafu za kale, akaandika kwamba ni ya familia na haiuzwi. Kesho yake, walipokuwa wote pale kwa Kavetsa, alikuja mbio na simu.

"Imejibiwa! Kuna mwalimu wa historia yuko Taxila, Pakistan. Anataka kutupigia sasa hivi. Anasema kwao wanaokota hizi mashambani hadi leo."

Simu ikalia. Akaonekana mama wa makamo mwenye shungi la kijani, nyuma yake ukuta wenye jua. Alizungumza Kiingereza cha haraka, Iman akawa anapokea na kugeuza.

"Anasema huyu anaitwa Azes. Ni mfalme, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Hiyo AZOY ni Kigiriki, maana yake 'ya Azes'. Alikuwa Msaka."

"Msaka ni nani?" Mama Batul aliuliza.

"Watu wa farasi. Walitoka nyika za huko mbali kaskazini, wakateremka mpaka hiyo nchi yao. Kabla yao palikuwa na wafalme Wagiriki... Ndio, Nyanya, Wagiriki huko India, hata mimi nimeshangaa. Sasa Wasaka walipowashinda hawakufuta maandishi yao. Huu upande wa farasi ni Kigiriki, unasema ni ya Mfalme wa Wafalme, Azes Mkuu. Huyo mwenye fimbo huku nyuma ni mungu wa Wagiriki. Lakini maandishi ya upande huo ni lugha ya wenyeji, na yanasomwa kutoka kulia."

"Kutoka kulia? Kama sisi chuoni, kwenye Kurani?"

"Kama Kiarabu, ndio."

Mwalimu aliomba waigeuze sarafu mbele ya kamera. Ingawa ilikuwa imelika, alifuata kwa kidole kwenye kioo chake na kusoma polepole, sauti yake ikijaza kile chumba cha mabati: *maharajasa, rajarajasa, mahatasa, Ayasa.*

Maneno ya mfalme aliyekufa yalikuwa yanasemwa kwa sauti juu ya meza yake, kati ya kufuli zilizovunjika na kopo la chai.

"Aya," Mama Batul alirudia, Iman alipogeuza kwamba Ayasa ni 'ya Aya'. "Wenyeji walimwita Aya. Kwetu aya ni ishara."

Kavetsa alikuwa na swali lililokuwa likimkera. "Muulize, Iman. Kigiriki kipo, cha wenyeji kipo. Cha huyo Msaka mwenyewe kiko wapi?"

Iman akauliza. Yule mama akacheka kwa furaha, kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolitamani.

"Anasema hakipo. Hakuna hata neno moja la lugha yao kwenye pesa zake. Na uso wake pia haupo vizuri, ni farasi tu na mtu. Karibu yote wanayoyajua juu yake wameyajua kwa hizi sarafu."

Kavetsa aliweka koleo chini. Ameshinda vita, aliwaza, ana mjeledi mkononi, na angeweza kuandika chochote atakacho. Akamwandikia Mgiriki kwa Kigiriki na mwenyeji kwa lugha ya mwenyeji, ili mwanamke sokoni akiipokea ajue ameshika nini. Kavetsa mwenyewe, Mlogooli wa Vihiga, alikuwa amejifunza Kiswahili cha Kambi Muru na Kikuyu cha Kawangware kwa sababu hiyo hiyo: mtu hununua kwa yule anayemsemesha kwa lugha yake. Lakini yeye alikuwa muuzaji. Mfalme hakulazimika.

"Anasema tusimfanye mtakatifu," Iman aliendelea. "Mtu hawi mfalme wa wafalme kwa kuomba. Halafu sarafu za baadaye zenye jina hilo zilichanganywa shaba nyingi, fedha ikaisha ndani. Wataalamu bado wanabishana kama Azes alikuwa mmoja au walikuwa wawili. Lakini watu waliendelea kuhesabu miaka kwa jina lake hata baada ya yeye kufa."

"Zake ni adimu?" Mama Batul aliuliza.

"Hapana. Anasema alipiga nyingi sana."

"Afadhali. Kitu adimu huibiwa." Mama Batul akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya gurbaba. Alipozungumza tena, alikuwa anaongea na ile sarafu kuliko kuongea nao. "Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu amezaliwa hapa. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho niliulizwa maswali ambayo jirani yangu hakuulizwa, naambiwa nilete ushahidi wa babu. Huyu amekuja juu ya farasi, mgeni kabisa, na watu wa mahali wakahesabia miaka yao kwa jina lake. Alijua kuingia kwa watu. Nampenda."

Yule mwalimu aliomba kitu kimoja kabla ya kukata: wasiipitishe motoni tena. Kavetsa aliinamisha kichwa kana kwamba anaonekana yeye peke yake.

Siku zilizobaki aliifanyia kazi ile sarafu bila moto. Alivuta waya wa fedha, akaupiga bapa, akaufanya pete nyembamba ya kuikumbatia pembeni, na kucha nne ndogo za kuishika, bila gundi, bila risasi. Kitanzi alikiunga kwenye ile pete ikiwa bado tupu, upande wa kwato, kisha akaiingiza sarafu na kukunja kucha moja moja kwa kipande cha mti. Moja ya zile kucha ilitaka kuangukia juu ya Z. Akaivunja yote akaanza upya, herufi zote nne zikakaa wazi. Aliyeivaa angeinua sarafu, akamwona farasi amesimama, na chini ya kwato angesoma jina.

Alipompelekea, Mama Batul aliivaa yeye kwanza. Aliinyanyua kifuani akatazama kwa muda mrefu. Kavetsa hakujua aweke wapi mikono yake.

"Jumamosi uje mapema," Mama Batul alisema. "Utakaa na watu wa nyumbani, si na wageni."

Harusi ilijaa uani na kumwagika hadi njiani. Wanawake walipiga ngoma ya doluka, gurbaba za kila rangi zikizunguka, harufu ya udi na ya pilau imechanganyika. Kavetsa alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amewekwa mbele kati ya mashangazi. Iman alipotolewa, mapambo yote ya dhahabu yalimetameta, lakini katikati, peke yake, ilining'inia fedha nzee. Shangazi mmoja aliinama na kupiga kelele kwa furaha:

"Wee, bibi harusi, farasi wako ameanguka!"

Iman aliishika sarafu, akaitazama kwa juu, akatabasamu. "Kwako ameanguka, Auntie. Kwangu anaenda."

Wanawake wakapasuka kwa vigelegele. Kavetsa alimtafuta Mama Batul kwa macho na kumkuta anacheka na kulia kwa pamoja, leso mdomoni.

Sarafu ilikwenda na Iman nyumbani kwake, lakini kwa Kavetsa haikuondoka. Akiwa anamimina bangili alikuwa anawaza ule mguu wa mbele. Hatimaye alipita gereji moja Kawangware, akaomba kipande cha springi ya lori, akakilainisha kwenye tanuri, akakipiga msasa hadi kikang'aa, na kuanza kuchonga farasi kinyume. Patasi iliteleza. Alichonga shingo ikawa nene. Alichonga miguu ikawa mitatu kwa sababu wa nne ulikosa nafasi. Kila alipokosea alizidi kumheshimu yule mtu asiye na jina aliyechonga kwa ajili ya Azes, bila taa ya umeme, bila miwani, na mfalme wa wafalme akisubiri kuona.

Mama Batul aliteremka na gurusa zake, akamkuta anagonga kipande cha shaba kwenye ule muhuri kwa nyundo. Kavetsa akampa akione.

Mama Batul alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Aliweka miwani.

"Mama Derrick," alisema kwa upole. "Huyu ni mbuzi wa Idi."

Kavetsa alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akachukua msasa, akamfuta yule mbuzi, na kuanza tena kutoka kwenye kwato.